Habari za Kageye, Kijiji cha Ufuoni

Watu wengi wapitao Tinde hawakai. Hushuka garini, hunywa chai, hununua karanga za watoto, kisha huenda zao. Maana hapa ndipo barabara itokayo Nzega inapogawanyika, mkono mmoja kwenda Shinyanga na Mwanza, mkono wa pili kwenda Isaka na Kahama, na mbele tena hata mipaka ya Rwanda na Burundi. Sisi tukaao hapa tumezoea kuitwa watu wa njia panda, wala jina hilo halituudhi. Ila mara kwa mara mtu mwenye kufikiri hujiuliza: mji unaoishi kwa sababu ya njia, njia ikihama utafanyaje? Swali hili si la kubuni. Kiko kijiji kilichopata kuulizwa hivyo, na jibu lake laonekana kwa macho hata leo. Jina lake Kageye, nacho kiko ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Kwa muda wa miaka michache, tangu 1875, jina lake lilisomwa katika magazeti ya Uingereza na Marekani, wakati Mwanza ilikuwa haijulikani ng'ambo. Leo mtoto wa shule wa Shinyanga akiulizwa Kageye iko wapi, kwa kawaida hunyamaza.

Kwanza tueleze nchi ilivyo, maana mambo ya historia yasiyo na ramani ni kama mtu asiye na miguu. Msomaji akitazama upande wa kusini wa ziwa ataona mikono miwili mikubwa ya maji. Mmoja umeingia kusini, mwembamba na mrefu, nao ndio Ghuba ya Mwanza. Wa pili umekwenda mashariki, mpana zaidi, nao huitwa Ghuba ya Speke. Kaskazini mwa ghuba hii ya pili kimekaa kisiwa cha Ukerewe, kikubwa kuliko visiwa vyote vya ziwa hilo. Basi Kageye iko ufuoni mwa kusini wa Ghuba ya Speke, mashariki ya Mwanza, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Magu. Mtu akisimama pale akautazama upande wa kaskazini, ana maji mbele yake, na ng'ambo ya maji ni Ukerewe.

Nchi nyuma ya kijiji ni Usukuma hasa. Kuna vilima vya mawe makubwa ya kijivu, jiwe juu ya jiwe, kama kwamba mtu ameyapanga kisha akasahau kazi yake. Chini ya mawe ni udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, mwepisi kwa jembe, nao hupokea mihogo na viazi na karanga vizuri. Ukizidi kushuka wafika kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa masika huvuta mguu na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Mkulima wa nchi hii hausomi udongo katika kitabu. Hutazama mteremko, akajua mtama utakaa wapi na ng'ombe watalishwa wapi. Ufuoni penyewe watu ni wavuvi, na pepo zao ni mbili: usiku na alfajiri upepo watoka nchi kavu kwenda majini, na mchana waingia kutoka majini. Mwenye mtumbwi huzifuata pepo hizo. Asiyezifuata huchoka bure. Tena asubuhi huweza kutokea dhoruba ya ghafula yenye radi, nayo imezamisha wengi.

Maji ya ziwa yako kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na eneo lake lapata kilometa za mraba 68,800. Lakini si ziwa la kina kikubwa. Mahali palipo na kina kuliko pote hapazidi sana meta 80. Katika nchi ya Waskoti, ambako tutafika baadaye kidogo kwa ajili ya mtu mmoja, kuna ziwa jembamba liitwalo Loch Ness, refu kiasi cha kilometa 37 tu, hata mtu husimama upande huu akaona nyumba za upande wa pili. Nalo kina chake hupata meta 230. Ziwa letu basi ni kama sinia, na la kwao ni kama mtungi. Kwa sababu hiyo mvua nyingi zikinyesha, ziwa letu hupanda na kula ufuo. Lilipanda zaidi ya meta mbili baada ya mvua za mwaka 1961 na miaka iliyofuata, na mwaka 2020 lilipanda tena hata likaingia katika nyumba na mashamba ya watu. Atakayetafuta ufuo wa Kageye kama ulivyokuwa mwaka 1875 asishangae akiambiwa kwamba sehemu yake imo majini.

Hapa twataka kusema neno juu ya majina. Wasukuma maana yake ni watu wa kaskazini, na kusini huitwa dakama. Jina hilo hawakujipa wenyewe kwa kutazama jua. Walipewa na watu waliokaa kusini yao, upande wa Unyanyembe, ambao misafara yao ilipokwenda ziwani ilisema yaenda kwa watu wa kaskazini. Na Msukuma wa ufuoni naye akitutazama sisi hutuita Wadakama. Ndivyo ilivyo. Kila mmoja humpa mwenzake jina kwa kadiri ya mahali anaposimama yeye, na njia ile ya Unyanyembe imeacha alama hata katika jina la kabila kubwa kuliko yote ya Tanzania.

Njia hiyo ndiyo asili ya mambo yote. Tabora, au Kazeh kama ilivyoitwa na wasafiri wa kwanza, ilikuwa soko kubwa la bara. Kutoka huko misafara ya Waarabu na Waswahili, na ya Wanyamwezi wenyewe, ilikwenda kaskazini hata ziwani kutafuta pembe za ndovu. Walichukua merikani na kaniki, ushanga, masango ya shaba, na bunduki. Wakalipa hongo kwa kila mtemi waliyempita. Mwaka 1858 Bwana Speke, Mwingereza, aliifuata njia hiyo akimwacha mwenzake Burton mgonjwa Kazeh. Aliondoka Julai 9, akapita pande za Nindo na Salawe, majina ambayo kila mtu wa Shinyanga ayajua, na Agosti 3 akapanda kilima karibu na Mwanza akayaona maji hayana mwisho. Akaliita ziwa kwa jina la malkia wake. Vitabu vingi vya shule vilisema kwamba Speke aligundua ziwa. Twaona neno hilo halifai. Speke alionyeshwa njia na watu walioizoea, akafika mahali penye wavuvi, akauliza jina, akaambiwa Nyanza. Alilogundua yeye, nalo si dogo, ni kwamba huenda mto Naili ukatoka hapo. Na hilo hakuweza kulithibitisha siku ile, maana alikaa siku chache tu akarudi.

Miaka kumi na saba ikapita. Katika muda huo mataalamu wa Ulaya waligombana. Burton alisema Speke amekisia tu. Wengine walidhani hapana ziwa moja bali maziwa mengi yaliyo karibu karibu. Ndipo akaja Bwana Stanley. Aliondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874, pamoja na watu zaidi ya 300, akichukua mashua iliyokatwa vipande ili ipate kubebwa mabegani, jina lake Lady Alice. Hakupita Tabora. Alikata kaskazini kupita Ugogo na nchi ya Wanyaturu. Njiani alizikwa kijana mmoja Mwingereza, Edward Pocock, aliyekufa kwa homa ya matumbo, na katika vita na Wanyaturu Januari 1875 wakafa watu zaidi ya 20 wa msafara. Kisha wakaingia Usukuma kwa upande wa Usiha, na Februari 27, 1875, wakafika Kageye.

Kijiji walichokiona kilikuwa na nyumba za msonge kiasi cha ishirini au thelathini, zimezungukwa na boma la miiba. Mkubwa wake aliitwa Kaduma, ambaye Stanley alimwona kuwa mpole, mkarimu, na mpenda pombe. Na hapo palikuwa na mfanya biashara wa pwani, jina lake Songoro, mwenye shughuli pande zote mbili, Kageye na Ukerewe. Hili twaomba lisipitwe kwa haraka. Baadhi ya watu husimulia habari za Kageye kana kwamba ilianza siku alipofika Mzungu. Sivyo. Songoro alikuwa amekwisha kuuona ubora wa mahali: njia ya bara yafika pale majini, na ng'ambo iko Ukerewe yenye miti ya kujengea vyombo, na mbele zaidi iko Uganda yenye pembe. Alikuwa akiunda jahazi huko Ukerewe. Na biashara yake haikuwa pembe tu; alikuwa akiuza na kununua watu. Tumewahi kuwasikia watu wakisema kwamba jambo hilo lisifundishwe, lisije likaleta uchungu. Sisi twaona kinyume. Mtoto aonyeshwaje bandari, asiambiwe kilichopakiwa?

Machi 8, 1875, vipande vya mashua vilikuwa vimekwisha kuunganishwa, na Stanley akaondoka na mabaharia wachache, akiwaacha Frank Pocock na Frederick Barker wakae Kageye na msafara. Nahodha wake alikuwa Wadi Safeni, mngwana wa pwani. Kiongozi alikuwa mtu aliyepatikana hapo hapo Kageye, jina lake Saramba. Wakazunguka ziwa lote, wakiacha nchi mkono wa kuume: Ghuba ya Speke kwanza, kisha pwani ya mashariki, kisha Uganda ambako walikaribishwa na Kabaka Mutesa, kisha pwani ya magharibi. Kisiwani Bumbire nusura wauawe, na baadaye Stanley alirudi akawapiga risasi watu wa Bumbire wakafa wengi, tendo lililolaumiwa hata katika magazeti ya kwao. Walifika tena Kageye mwanzoni mwa Mei, baada ya siku 57. Basi jambo lililobishaniwa tangu 1858 likawa limekwisha: ziwa ni moja, na maji yake yatoka kwa mlango mmoja mkubwa upande wa kaskazini. Lilianzia Kageye, likaishia Kageye.

Lakini aliporudi alikuta kaburi. Barker alikuwa amekufa kwa homa Aprili 23, siku chache kabla ya mashua kuonekana. Na si yeye peke yake. Wapagazi na askari kadha wa kadha walikuwa wamekufa pale kwa kuhara na homa. Kaburi la Barker lajulikana. Makaburi ya wale wengine hayakuandikwa majina, nao ndio walioibeba ile mashua kipande kwa kipande kutoka Bagamoyo. Stanley akaazima mitumbwi kwa Lukonge, mtemi wa Ukerewe, akawavusha watu wake wote kwenda kaskazini, na kabla ya mwisho wa Juni 1875 alikuwa ameiacha Kageye.

Huko Uganda alikuwa ameandika barua yake mashuhuri kueleza kwamba Mutesa ataka walimu. Barua ilichapwa London Novemba 1875. Mara hiyo hiyo Chama cha Church Missionary Society kikakusanya fedha na watu, na kwa sababu ramani iliyokuwapo ilikuwa ile ya Stanley, wote walielekezwa mahali pale pale. Mwaka 1877 wa kwanza wao walifika Kageye: Luteni Shergold Smith, Bwana Wilson, Bwana O'Neill, na Daktari John Smith aliyesomea udaktari Edinburgh. Walikuja na mashua yao, Daisy, ambayo nayo ilihitaji kuundwa upya baada ya taabu za njiani. Mei 1877 Daktari Smith alikufa, akazikwa Kageye. Luteni na Wilson wakavuka kwenda Uganda, wakafika kwa Mutesa mwishoni mwa Juni. Kisha Luteni akarudi kusini kumchukua O'Neill na mizigo.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoanza kuiharibia Kageye sifa, nasi twayaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu husimuliwa visivyo. O'Neill alikuwa ameshughulika Ukerewe na lile jahazi la Songoro, ambalo wamisionari walilinunua. Lakini kati ya Songoro na mtemi Lukonge palikuwa na deni na madai juu ya miti na chombo chenyewe. Lukonge alidai kwamba hakulipwa haki yake. Desemba 1877 ugomvi ukalipuka. Songoro akakimbilia kwa wale Waingereza wawili, nao hawakukubali kumtoa. Basi wakauawa wote, Songoro na Shergold Smith na O'Neill, na wengi wa watu wao. Waliosoma habari hii Ulaya waliandika juu ya ukatili wa washenzi. Bwana Mackay alipokuja mwaka uliofuata alifanya jambo lililo bora zaidi: alivuka kwenda Ukerewe bila silaha ya vita, akazungumza na Lukonge uso kwa uso, akataka kujua asili ya shauri. Akarudi salama. Twaona alitambua kwamba chanzo chake kilikuwa biashara na deni, na kwamba chuki juu ya dini haikuwamo.

Huyu Alexander Mackay ndiye yule Mskoti tuliyemtaja. Alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, katika jimbo la Aberdeen, akasomea uhandisi. Alikuwa mmoja wa kundi la kwanza la 1876, ila aliugua njiani akarudishwa pwani, na badala ya kukaa bure akakata njia kutoka Saadani hata Mpwapwa mwaka 1877. Juni 1878 akafika Kageye. Alikuta vitu vya msafara vimelala katika nyumba za udongo, vyuma na vitabu na madawa na vipande vya mashine vimechanganyika, vingine vimeshika kutu, vingine vimeliwa na mchwa. Akakaa majuma mengi akichambua na kutengeneza. Wenyeji walikuja kumtazama akifua chuma, wakasema kwamba Mzungu huyu ni tofauti, kwa maana ana kazi ya mikono. Agosti akapakia Daisy, akavunjikiwa njiani, akaifupisha kwa kukata sehemu yake ya katikati na kuziunganisha ncha zake, na Novemba 1878 akafika Uganda.

Mwisho wa mwaka huo huo wakaja Kageye Mapadre Weupe, Wafaransa, waliotoka Bagamoyo Juni. Padre Lourdel na Bruda Amans walitangulia mbele kwa mtumbwi, wakafika Uganda Februari 1879. Wenzao wakingoja Kageye hata wapelekewe vyombo. Hivyo wote wawili, Waprotestanti na Wakatoliki wa Uganda, walianza safari yao ya maji katika ufuo mmoja wa Usukuma. Watu wa Uganda wamejenga ukumbusho pale Kigungu, mahali aliposhukia Lourdel. Mahali alipopandia hapana anayepataja.

Tukihesabu basi, tangu Februari 1875 hata mwanzo wa 1879 ni miaka minne tu. Katika miaka hiyo minne kijiji cha nyumba thelathini kilipokea watu waliobadilisha historia ya Uganda na ramani ya Afrika. Kwa nini hakikuwa mji?

Sababu twaziona kadha wa kadha, wala hatudai kwamba moja yatosha. Songoro alipokufa, biashara ya mahali ilikosa mwenyewe. Wageni walikuwa wakipita tu. Maji kati ya Kageye na Ukerewe yaliogopwa baada ya 1877. Lakini kubwa ni umbo la nchi yenyewe. Kageye ilikuwa nzuri kwa mtu mwenye mitumbwi ya kuvutwa mchangani. Si mahali pa kutia nanga chombo kikubwa wakati wa dhoruba, kwa kuwa hapana mkono mrefu wa maji wa kujifichia kama ule wa Mwanza. Tena mtu atokaye Tabora kwenda Uganda, akifika ncha ya kusini ya Ghuba ya Mwanza, amekwisha kupata maji siku kadha kabla ya yule aendaye Kageye. Msafara hauhesabu maili. Huhesabu posho na hongo. Siku chache za kupunguzwa ni marobota ya nguo yaliyookolewa.

Kwa hiyo vituo vikahamia magharibi. Mwaka 1883 Mapadre Weupe walijenga Bukumbi, katika Ghuba ya Mwanza. Mackay alipofukuzwa Uganda mwaka 1887 na Kabaka Mwanga, alikwenda Usambiro, kusini mwa ziwa, akaweka mtambo wake wa kupiga chapa, akazidi kutafsiri na kuchapa maandiko ya Kiganda huko uhamishoni. Hapo ndipo Stanley, akirudi kutoka kumtafuta Emin Pasha, alipomkuta Agosti 1889, akamsihi arudi naye Ulaya, Mackay akakataa. Februari 1890 akafa kwa homa, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa Namirembe, Kampala. Usambiro nayo ikasahauliwa, kama dada yake Kageye.

Kisha wakaja Wajerumani. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 walijenga boma lao Mwanza, na palipo boma hufuata soko, na kodi, na posta. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu, na tangu hapo mtu wa Uganda aliyetaka kwenda pwani hakuwa na sababu ya kuja kusini hata kidogo. Njia ya kale ya Tabora ikapoteza nusu ya maana yake. Ilipofika mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikaishia Mwanza. Ikapita Isaka na Shinyanga, ikaiacha Tinde kando kabisa, nayo kwa Kageye haikukaribia. Sisi tukapata kurudishiwa maisha yetu na barabara ya lami. Kageye haikurudishiwa kitu. Leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima kama vingine vya Magu.

Wako waonao kwamba mambo hayo ni ya zamani, hayatuhusu. Lakini tutazame mbele yetu. Reli mpya kati ya Mwanza na Isaka ilianza kujengwa mwaka 2021. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi juu ya Ghuba ya Mwanza, lenye urefu wa kilometa tatu na zaidi kidogo, likivuka maji ya ghuba ile ile. Gari lililokuwa likingoja kivuko sasa lapita kwa dakika chache, na wale waliokuwa wakiuza samaki na maji kwa abiria wangojao kivuko yawapasa kutafuta kazi nyingine. Hilo si jambo la 1877.

Na maji nayo yamehama. Kwa asili mvua inyeshayo Tinde haiendi ziwani. Huingia katika mto Manonga, ikaenda Wembere na Ziwa Kitangiri, ikaishia Eyasi kwenye chumvi. Sisi tu watu wa upande wa pili wa mgongo. Lakini tangu mradi wa maji ya Ziwa Viktoria uanze kufika Shinyanga na Kahama mwaka 2009, maji yavutwa kwa mitambo pale Ihelele, Misungwi, yakapanda mgongo huo ndani ya bomba, na bomba lililotoka Tinde limepelekwa mbele hata Shelui. Mama achotaye bombani hapa Tinde achota maji ya Nyanza, ambayo babu yake alitembea siku nyingi kuyaona.

Mwalimu atakaye kuwapeleka watoto Kageye aende wakati wa kiangazi, Julai au Agosti, maana masika mbuga ni mbaya kwa gari. Apite Shinyanga na Mwanza, kisha ashike barabara ya Magu, halafu aulize njia ya kushuka ufuoni. Wakifika wasianze kwa kaburi la Barker wala la Daktari Smith. Waanze kwa wazee, waulize habari za Kaduma na ukoo wake, na boma la miiba lilipita wapi, na mitumbwi ilivutwa mahali gani. Wawaulize pia habari za Saramba. Yeye alikuwa mwenyeji wa hapo, naye alilizunguka ziwa lote katika mashua moja na Stanley, akarudi kwao Mei 1875.